Mwanamwali Mwenye Mkuki: Habari za Bradamante na Desturi ya Kushindania Mke

Jarida hili limezoea kuchunguza mila na maneno ya nchi zetu, na huenda msomaji akastaajabu kuona leo tumevuka bahari hata Italia. Twafanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, vijana wanaosoma siku hizi wapenda mno riwaya za mapenzi na maajabu, ambazo ndani yake msichana ndiye ashikaye upanga, na mfalme au askari ndiye anayengoja kuokolewa. Mwalimu akiulizwa asili ya riwaya hizo, si vema akae kimya au aseme ni upuuzi mpya. Maana si mpya hata kidogo. Pili, katika hadithi tutakayoieleza limo jambo la ndoa linaloingia kila siku katika mitaa yetu: binti amempa kijana neno lake, na wazazi wamemwona mwingine mwenye mali. Jinsi mtungaji alivyolifungua fundo hilo yafaa ijulikane na kila mwenye kazi ya kuwashauri wazazi na wachumba.

Kitabu chenyewe ni utenzi mrefu uitwao Orlando Furioso, maana yake Orlando aliyeshikwa na wazimu. Mtungaji wake, Ludovico Ariosto, alizaliwa Reggio Emilia mwaka 1474, akafa Ferrara mwaka 1533. Alikuwa mtumishi wa nyumba ya Este, watawala wa Ferrara. Kwanza alimtumikia Kardinali Ippolito, kisha ndugu yake, Mtawala Alfonso. Kitabu kilipigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1516, nacho kilikuwa na sehemu 40. Hata mwaka 1532, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, akakitoa tena kikiwa na sehemu 46 na mistari zaidi ya 38,000. Kila ubeti una mistari minane: sita ya kwanza yapokezana vina viwili, na miwili ya mwisho ina kina chake peke yake. Mtu aliyezoea tendi za pwani, zenye vipande vinne katika ubeti na mizani minane katika kipande, ataona mara moja kwamba mtungaji wa Italia alikuwa na nafasi kubwa zaidi ndani ya ubeti mmoja. Mara nyingi mistari ile miwili ya mwisho huitumia kwa mzaha, kugeuza jambo alilolijenga katika sita ya kwanza.

Ariosto hakuanza habari hizi mwenyewe. Matteo Maria Boiardo alikuwa ametunga kitabu cha mapenzi ya Orlando, akafa mwaka 1494 kabla ya kukimaliza. Ariosto akaokota uzi pale ulipokatika. Na hapa yatupasa tumwonye mwalimu wa historia. Mfalme Charlemagne alikuwako kweli. Alivikwa taji Roma mwaka 800, akafa mwaka 814. Orlando pia, yaani Roland, asili yake ni mtu wa kweli aliyeuawa katika milima ya Pyrenees mwaka 778. Lakini vita vinavyosimuliwa humu, ambavyo mfalme wa Afrika aitwaye Agramante aizunguka Paris kwa majeshi, havikupata kuwako. Wala mtu asikifanye kitabu hiki kuwa ushuhuda juu ya dini ya Waislamu, mtungaji hakuichunguza. Kwake yeye pande zote mbili zina mashujaa na waoga, wakweli na wadanganyifu, na kijana anayependwa kuliko wote, Ruggiero, ametoka katika jeshi la Afrika.

Sasa tumtazame mwanamwali wetu. Bradamante ni binti wa Amone na ndugu wa Rinaldo, nao ni jamaa ya Charlemagne. Avaa deraya na chapeo kama wapanda farasi wengine wa mfalme, na mavazi yake ni meupe. Huko nyuma, katika kitabu cha Boiardo, alikutana na Ruggiero vitani, naye alipovua chapeo nywele zake zikaanguka mabegani. Kijana akapigwa na butwaa, wakapendana, kisha ghafula wakatengwa na maadui. Tangu hapo kazi ya Bradamante katika kitabu kizima ni kumtafuta mtu mmoja.

Twamwona kwa mara ya kwanza katika sehemu ya kwanza kabisa. Mfalme Sacripante yumo msituni, atamani kumfanyia jeuri binti mmoja aitwaye Angelica, ambaye ametumaini ulinzi wake. Mara hutokea mpanda farasi mwenye mavazi meupe. Wagongana, Sacripante aanguka chini ya farasi wake aliyekufa, na yule mgeni aenda zake bila kusema neno. Baadaye kidogo apita mjumbe, aulizwa ni nani yule, naye ajibu kwamba aliyemwangusha mfalme ni msichana. Wasomaji wa Ferrara walicheka sana, na mafunzo yamo ndani ya kicheko: mtu aliyetaka kumwonea mwanamke ameangushwa na mwanamke, wala hakujua.

Hapa twaomba kusimama kidogo kwa ajili ya lugha. Katika Kitaliano kila neno lina jinsia yake, na mtungaji amelazimika kumtaja mgeni kwa maneno ya kiume mpaka siri ifunuliwe. Yaani ameisaidia chapeo kumficha. Mfasiri wa Kiswahili hana haja ya hila hiyo. Akisema, “Alikuja, akapiga, akaenda zake,” hapana ajuaye kama ni mume au mke, wala hapana aliyedanganywa. Neno shujaa nalo halina jinsia. Lamfaa yeyote aliye nalo moyoni. Twafikiri kwamba kwa jambo hili lugha yetu ina faida kuliko lugha ya kitabu chenyewe. Hatari yetu iko mahali pengine, katika lile jina la jike dume, ambalo mara nyingi hutamkwa kwa dharau. Bradamante si jike dume. Apigana kuliko wanaume wengi, naye alia, aona wivu, aandika barua, angoja dirishani. Mtungaji hakuona kwamba mambo hayo yapingana, wala mfasiri asiyaone hivyo.

Turudi kwenye habari. Ruggiero amefungwa na mchawi mzee, Atlante, katika ngome ya chuma juu ya mlima. Mchawi huyu apanda mnyama wa ajabu, mbele ana kichwa, mabawa na makucha ya ndege wa kuwinda, na nyuma ni farasi. Naye ana ngao ing’aayo kiasi cha kumfanya kila aitazamaye azimie. Bradamante apata pete ivunjayo uchawi. Ngao ifunuliwapo, ajifanya amezimia, ajitupa chini. Mzee ashuka kwa miguu na mnyororo mkononi ili amfunge, ndipo msichana ainuka amkamata. Lakini ainuapo mkono ampige, aona uso wenye makunyanzi na nywele nyeupe. Mzee alia na kusema kwamba hakuijenga ngome kwa uovu. Alimlea Ruggiero tangu utoto, na katika nyota amesoma kwamba kijana atakuwa Mkristo na kisha kuuawa kwa hila. Alitaka tu kumweka mbali na ajali yake. Bradamante hamwui. Amwambia kwamba kama angejua mambo yajayo angalijua na kufungwa kwake mwenyewe, kisha amlazimisha aivunje ngome.

Wazazi na walezi wasome sehemu hii kwa utulivu. Atlante si adui. Ni mlezi aliyependa kupita kiasi. Ngome yake ilijaa vyakula, nyimbo na marafiki, ila mlango wa kutokea haukuwamo. Ni wangapi tuwajuao waliomfungia mtoto katika ngome ya namna hiyo wakidhani ni upendo?

Baada ya hayo Ruggiero achukuliwa na mnyama yule mwenye mabawa mpaka kisiwa cha mchawi Alcina, asahau vita na mchumba. Bradamante ampeleka Melissa, mwaguzi mwema, na pete ile ile, ili aonyeshwe kwamba uzuri wa Alcina ni kikongwe aliyevikwa uongo. Ni kweli pia kwamba baadaye Bradamante hupata mkuki wa dhahabu, ambao kila auguswaye nao huanguka, naye hajui nguvu yake. Wengine wamesema kwamba basi ushindi si wake. Jibu ni rahisi: Sacripante na Atlante alikwisha kuwashinda kabla ya kuupata mkuki huo, na katika pigano kubwa kuliko yote, tutakaloliona, hakuutumia.

Sehemu ya 32 ina kisa ambacho twakiona kuwa bora kwa darasa la mabishano. Bradamante asafiri jioni ya baridi na mvua, aambiwa iko ngome moja tu ya kulala, nayo ina desturi yake. Mpanda farasi ajaye sharti apigane na waliotangulia. Akiwashinda, wao watoke nje, yeye aingie. Na kwa wanawake, walio wawili hushindanishwa kwa uzuri. Aliye mzuri zaidi hukaa, mwenzake hufukuzwa. Humo wamekwisha kuingia wafalme watatu, pamoja na bibi mmoja mjumbe aliyetoka Iceland, jina lake Ullania. Bradamante awaangusha wafalme wote watatu, aingia, avua chapeo, na nywele zaanguka. Mwenye ngome aona sasa ana wanawake wawili chini ya dari moja. Waamuzi wawatazama, wasema Bradamante ndiye mzuri zaidi, na Ullania aambiwa atoke katika mvua.

Ndipo Bradamante asema kama mwanasheria. Hoja yake, kwa maneno yetu, ni hii: mimi niliingia hapa kwa mkuki, si kwa uso. Nimetimiza sharti la wanaume, nami nimepata haki ya wanaume. Kama nisingekuwa mzuri, je, mngenifukuza baada ya kuwashinda wafalme watatu? Basi uzuri wangu usihesabiwe kabisa, na bibi huyu hana mwenzake wa kushindana naye, akae. Na asiyeridhika na hoja hii atoke tupigane. Mwenye ngome ashindwa kujibu, na Ullania alala ndani.

Tazameni jinsi alivyofanya. Hakusema desturi ni mbaya akaivunja kwa upanga. Aliichukua desturi yenyewe, akaionyesha mahali isipofikia. Tena hakutetea nafasi yake, maana yake ilikuwa salama. Alitetea nafasi ya mwanamke mwingine ambaye waamuzi walikuwa wamemweka chini yake. Sisi tushughulikao na mila twajua kwamba desturi nyingi hurekebishwa kwa njia hii, na mtu anayeijua kuliko walinzi wake, kabla haijaondolewa kwa amri.

Twafika sasa kwenye jambo la ndoa, lililomo katika sehemu tatu za mwisho. Ruggiero amekwisha kubatizwa, na Rinaldo amemwahidi dada yake. Lakini Amone na mkewe Beatrice wamekasirika; kijana hana ufalme wala mali, na Leone, mwana wa Kaisari wa Wayunani, amekuja kuposa. Bradamante hawezi kumkana Ruggiero, wala hataki kumtukana mama yake. Aenda kwa Charlemagne, aomba zawadi moja kwa utumishi wake: mtu yeyote asimwoe ila yule awezaye kusimama mbele yake kwa silaha tangu jua kuchomoza hata kuzama. Ajua moyoni kwamba ni mmoja tu awezaye. Mfalme akubali, na tangazo hutolewa.

Desturi ya kushindania mke yajulikana katika nchi nyingi. Wayunani wa kale walisimulia habari za Atalanta, aliyeshindana mbio na wachumba wake. Marco Polo alisimulia habari za binti wa Kaidu, mtawala wa Wamongoli, aliyepigana mieleka na kila aliyemposa, na aliyeshindwa alilipa farasi mia. Katika pwani yetu wenyewe uko utenzi wa Mikidadi na Mayasa, ambao Alice Werner aliupiga chapa mwaka 1932, nao wachanganya mapenzi, uhodari wa vita na mahari. Lakini iliyo karibu zaidi na kisa chetu ni habari ya Brünhild katika Nibelungenlied, utenzi wa Wajeremani uliotungwa yapata mwaka 1200. Gunther alitaka kumwoa malkia huyo mwenye nguvu, naye hakuweza kumshinda. Siegfried akavaa vazi la kutoonekana, akamshinda kwa niaba yake. Udanganyifu ule ulipojulikana ukaleta kifo cha Siegfried na maangamizi ya jamaa ya Gunther.

Ariosto achukua hila ile ile, aigeuza. Ruggiero alikwenda nchi ya Wayunani kumwua Leone. Akawasaidia Wabulgari vitani, kisha akakamatwa na kutupwa gerezani. Leone, aliyeuona uhodari wake na kuupenda bila kulijua jina lake, alimwokoa kwa hatari yake mwenyewe. Ndipo tangazo la Charlemagne likafika. Leone, akijijua kuwa hawezi kumkabili Bradamante, akamwomba mgeni wake apigane badala yake akiwa amevaa alama zake. Wahenga wasema ahadi ni deni; na hapa kijana mmoja alikuwa na madeni mawili, la uhai na la mapenzi, wala hakuweza kulilipa moja bila kulikana la pili.

Akakubali. Akachukua upanga mwingine, akauondoa makali yake kwa nyundo asije akamwumiza. Bradamante kwa upande wake alikuwa ameunoa wa kwake. Wakapigana kwa miguu siku nzima, yeye akipiga kwa hasira yote ya mtu aonaye jua linashuka, na mpenzi wake akikinga tu. Jua likazama. Leone akatangazwa kuwa mshindi, na Ruggiero akaingia msituni ili afe kwa njaa. Hapana mahali pengine katika kitabu ambapo nguvu za Bradamante zatia huruma kama hapa: kadiri alivyozidi kupigana vema, ndivyo alivyozidi kumjeruhi yule aliyemtaka.

Mwisho wake ni huu. Marfisa, mpiganaji mwingine wa kike ambaye ni dada pacha wa Ruggiero, alipinga mbele ya mfalme kwamba Bradamante amekwisha kutoa neno la ndoa mbele ya mashahidi. Melissa akamwongoza Leone mpaka msituni. Akalisikia jina la mwenziwe na habari yote. Ruggiero alikuwa ametoa mke. Sasa Leone hakukubali kushindwa kwa ukarimu, akamrudisha, akasimama mbele ya baraza na kukiri nani aliyepigana. Pale ambapo udanganyifu wa Gunther ulifichwa ukaua, wa Leone uliungamwa ukaponya. Wakati huo huo wakafika wajumbe wa Wabulgari, nao walikuwa wamemchagua Ruggiero kuwa mfalme wao. Wazazi wakaridhika mara moja. Ariosto hakuwahubiri, aliwaacha tu waonekane, na msomaji ajua kwamba kijana ni yule yule aliyekuwa jana, ila leo ana taji.

Mbegu iliyopandwa Ferrara imeota mbali. Edmund Spenser, Mwingereza, alimfuata Ariosto alipomtunga Britomart katika kitabu chake cha mwaka 1590. Naye amtafuta mchumba aliyemwona katika kioo cha Merlin. Mwaka 1735 Handel alimleta Bradamante jukwaani katika mchezo wa nyimbo uitwao Alcina. J. R. R. Tolkien, katika kitabu kilichotoka mwaka 1954 na 1955, alimwonyesha Éowyn aliyejificha kati ya wapanda farasi akamwua adui ambaye ilitabiriwa hatauawa na mkono wa mwanamume. Mwaka 1982 Robin McKinley alitoa riwaya iitwayo The Blue Sword, ambayo ndani yake msichana yatima achukuliwa na mfalme wa watu wa milimani, afundishwa upanga, na mapenzi yaja polepole baada ya heshima. Kijana asomaye vitabu vya namna hii hajapotea njia. Ametembea katika barabara ya zaidi ya miaka 500.

Je, kitabu cha Ariosto kifasiriwe chote kwa Kiswahili? Twaona sivyo, kwa kuwa zimo sehemu zisizofaa shuleni. Lakini visa vinne vya Bradamante vingefaa sana kuwa kitabu kidogo cha kusoma: kuangushwa kwa Sacripante, ngome ya Atlante, usiku wa mvua katika sehemu ya 32, na pigano la mwisho. Kwa maneno ya vita tunayo deraya, chapeo, ngao na upanga, ambayo wanafunzi huyajua kwa Maandiko. Kwa watu wa uchawi twashauri Atlante na Alcina waitwe wachawi, na Melissa mwaguzi, ili tofauti ya nia yao ionekane katika jina. Mnyama wa Atlante aelezwe tu kuwa farasi wa mabawa mwenye kichwa cha ndege. Hana haja ya jina la kigeni.

Na baada ya kusoma, mwalimu awaulize wasichana wake: Bradamante alimheshimu mama yake, au hakumheshimu? Kisha awaulize wavulana: Ruggiero alikuwa na haki ya kumtoa mwanamke kwa kulipa deni lake, hali mwenyewe hakuulizwa? Maana katika habari yote ile ya ukarimu wa wanaume wawili, mmoja akitoa na mwingine akirudisha, Bradamante alikuwa ameketi chumbani akilia, wala hapana aliyekwenda kumwambia. Majibu ya darasa yaandikwe na kuwekwa. Siku atakapokuja mzee mlangoni kuzungumza juu ya mahari, mwalimu atakuwa na la kumwambia.